Saba wa Kiume, Tisa wa Kike

Mama aliyaokota majani saba ya mfenesi mwezi wa tano, kabla mvua hazijaanza. Aliyapangusa moja moja kwa kitambaa kikavu, akayalaza ndani ya kopo la biskuti, akaliweka kopo juu ya kabati la nguo. Tangu siku hiyo hakuna aliyeruhusiwa kuligusa, hata kwa kulifuta vumbi.

Majani hayo yalikuwa ya wifi yangu Duyen, mke wa kaka yangu Khiem, aliyekuwa na mimba ya kwanza. Mwanamke akishajifungua, majani ya mfenesi hupashwa moto juu ya makaa, kisha hupitishwa polepole kifuani mwake, kutoka juu kwenda chini, ili maziwa yashuke. Akizaa mtoto wa kiume, majani saba. Akizaa wa kike, tisa. Hapa kwetu Cam Lo, katikati ya Vietnam, jambo hilo linajulikana kama njia ya kwenda sokoni.

Yalikuwa saba kwa sababu tulijua ni mvulana. Daktari haruhusiwi kumwambia mtu mtoto ni wa kike au wa kiume, sheria inamkataza. Lakini hakuna sheria inayomkataza kuzungumzia sura. Alipompima Duyen kwa altrasaundi alitazama kioo chake, akatabasamu, akasema, "Huyu kafanana na baba yake kabisa." Nchi nzima inaelewa maana ya maneno hayo. Khiem alirudi nyumbani akiendesha pikipiki kwa mkono mmoja, ule mwingine akiwapungia hata watu asiowajua.

Basi Mama akaandaa kila kitu kwa saba. Nepi za kitambaa, saba. Mapapai mabichi ya kupikwa na kwato za nguruwe, saba, kila moja amelifunga uzi mwekundu lingali mtini ili mtu asijaribu kulichuma. Mafungu saba ya ile chai chungu wanayopewa waliojifungua, ambayo ukiinywa uso wote unakunjamana kama embe lililosahaulika.

Na mimi nilikuwa na orodha yangu. Nilikuwa nimemaliza chuo cha uuguzi kule mjini Hue mwaka uliopita, nikapangiwa kituo cha afya cha kata yetu, chumba cha chanjo. Kazi hiyo naipenda kwa sababu watoto wachanga hawaulizi maswali. Mimi ni mtu ambaye sauti yangu huishia kooni watu zaidi ya wawili wakinitazama, kwa hiyo yale niliyotaka kumwambia Duyen niliyaandika kwenye karatasi: sidiria tatu za kufungukia mbele, taulo ndogo laini, mto wa kuegemeza mkono, chupa kubwa ya maji ya kunywa ya kukaa karibu na kitanda, pampu ya mkono ya kukamulia maziwa. Pampu niliazima kwa mwenzangu wa kazini, nikaichemsha, nikaileta.

Mama aliigeuzageuza. "Hii ni ya kujazia upepo baiskeli?"

"Ya maziwa, Mama."

"Maziwa ya nani?"

Duyen alicheka mpaka akashika tumbo. Mama aliirudisha pampu kwenye mfuko kwa ncha za vidole, kama mtu anayerudisha kaa sokoni.

Jioni hiyo, tukikunja nepi, Duyen hakuwa anacheka tena. Aliniambia mama yake alikauka maziwa siku ya nne. Yeye Duyen alikuzwa kwa maji ya mchele, na mpaka leo shangazi zake wakimwona wanasema, tazama, mwili wa maji ya mchele huo. Mama yake alifariki bado anaomba radhi kwa jambo hilo.

"Kwetu hatuna maziwa, wifi," alisema. "Mimi nataka huyu nimnyonyeshe mwenyewe. Mengine yote nitawaachia ninyi. Hili tu."

Nilitaka kumwambia kwamba maziwa hayarithiwi kama shamba, kwamba mara nyingi kinachokosekana ni mtu wa kumwonyesha mzazi namna ya kumweka mtoto. Yote hayo nilikuwa nayo kichwani, yamepangwa vizuri. Nikasema, "Usijali, wifi," nikaendelea kukunja.

Duyen alijifungua salama mwezi wa kumi, asubuhi ya mvua. Mkunga alitoka akasema, "Msichana."

Mama akasema, "Angalia vizuri."

Khiem alimpigia simu daktari palepale ukumbini. "Daktari, si ulisema anafanana na baba yake?"

"Ndiyo," daktari akajibu, na sote tulimsikia. "Hiyo pua hamjaiona?"

Tulimtazama mtoto. Pua ilikuwa ya Khiem, pana, imekaa katikati ya uso mdogo kama mgeni aliyefika mapema. Khiem aliangua kicheko, akalia, akacheka tena. Mama alimchukua mjukuu wake akamnusa shavu kwa muda mrefu, na nilijua kwamba mvulana amekwisha kusahauliwa.

Kitu pekee ambacho hakuna aliyekikumbuka ni lile kopo.

Siku ya pili tulirudi nyumbani. Mama alikuwa tayari. Makaa yaliwaka kwenye jiko dogo, majani saba yakapashwa, yakapitishwa yote mara moja kifuani mwa Duyen huku Mama akinong'ona maneno yake. Kwato za nguruwe na papai zikaletwa kwenye bakuli. Kisha Mama akamchukua mtoto akaenda naye chumba cha pili ili mzazi apumzike. Mtoto akilia, Mama alimpa maji ya sukari kwa kijiko. Mtoto alinyamaza, akalala. Alipoamka na kulia tena, alipewa tena. Akipelekwa kwa Duyen alinyonya dakika mbili, akasinzia, maana tumbo lilikuwa limeshajaa sukari.

Mimi niliona. Hesabu ilikuwa rahisi, na katika kila somo la chuo ilikuwa ileile: mtoto asiponyonya, titi halijui kwamba linahitajika. Mara tatu nilisimama mlangoni mwa chumba cha pili. Mara ya kwanza nikasema, "Mama, labda…" na Mama akasema, "Shika hiki kijiko." Nikashika. Mara mbili zilizofuata sikufikia hata hilo "labda."

Siku ya tatu mchana nilihesabu nepi. Tangu alfajiri mtoto alikuwa amelowesha mbili tu, na midomo yake ilikuwa mikavu. Duyen alikuwa ameketi kitandani, bakuli la nne la kwato likipoa mbele yake. Shangazi mmoja alikuwa ameleta kwato, jirani wa mbele kwato, bosi wa Khiem kwato.

"Wifi," aliniambia kwa sauti ndogo, "hivi nguruwe wa wilaya hii wanatembeaje sasa?"

Nikacheka, na yeye akacheka kidogo. Halafu Khiem akaingia. Mgongoni alikuwa ameficha kitu, na kwa vile kaka yangu hajawahi kufaulu kuficha lolote, sote tulikiona: kopo la maziwa ya unga.

"Ni la akiba tu," alisema, akilisogeza nyuma ya sufuria ya wali.

Duyen hakupiga kelele. Aliangalia ukutani na machozi yakaanza kushuka. "Hilo kopo likifunguliwa," alisema, "basi nimekuwa kama mama yangu."

Mama alisimama katikati ya chumba, mtoto mkononi. Alimpenda Duyen, nafikiri ndiyo sababu alitafuta kosa kila mahali isipokuwa kwa Duyen. Alitazama makaa. Alitazama bakuli. Akatazama kopo la biskuti, na uso wake ukabadilika.

"Saba!" alisema. "Mungu wangu! Tumempitishia saba!"

"Mama, jamani," Khiem akasema.

"Nyamaza, wewe na pua yako! Ndiyo iliyotuponza. Mtoto wa kike ni tisa. Tisa! Maziwa yatashukaje, ikiwa tumeyaita ya mtoto mwingine?" Kisha akanigeukia mimi, nusu kwa kejeli. "Na nyie chuoni kwenu, mlifundishwa ngapi?"

Sijui kama alitaka jibu. Lakini chumba kizima kilikuwa kinanitazama: Mama, kaka, Duyen na macho yake mekundu. Katika daftari langu la chuo imeandikwa kwamba mtoto mchanga anyonye mara nane hadi kumi na mbili kwa siku. Tisa ilikuwa humo ndani.

"Tisa," nikasema.

"Umeona?" Mama akamwambia Khiem.

"Tisa, lakini si zote mara moja." Sauti yangu ilikuwa inatetemeka, ila ilikuwa inatoka. "Kila jani lina zamu yake. Linapashwa moja, linapitishwa, halafu hapohapo mtoto anawekwa titini mpaka aachie mwenyewe. Baada ya saa mbili, mbili na nusu, jani la pili. Tisa kwa siku, mchana na usiku. Kesho yake tunaanza tena la kwanza. Na mtoto akae na mama yake, ngozi kwa ngozi, kwa sababu… zamu ikifika awe karibu. Na katikati asipewe kitu. Hata tone la maji ya sukari. Jani linaharibika."

"Linaharibika?"

"Linapoa, Mama."

Mama alinitazama kwa muda ambao niliona mrefu kuliko mtihani wa mwisho. Kisha akasema, "Yamepungua mawili. Tutayapata wapi?"

Sote tulijua wapi, ndiyo maana hakuna aliyejibu.

Mfenesi ni wa Bibi Lanh, jirani yetu wa ukuta kwa ukuta. Amezaa wanane na kuwanyonyesha wote, na Mama anaamini jani la kuita maziwa sharti litoke kwenye nyumba iliyojaa maziwa. Mwezi wa tano walikuwa wanasalimiana. Mwezi wa saba Mama alichoka kufagia majani yanayoangukia kwetu, akasimama uani na fagio lake akapaza sauti, "Mwenye taka zake akae nazo!" Kesho yake Bibi Lanh alitandaza wavu wa kuvulia samaki kutoka uzio mpaka kwenye tawi la juu, na tangu hapo halijaanguka kwetu jani hata moja.

"Nenda wewe, Thoa," Mama akasema. "Wewe una adabu."

Nilikwenda na mwavuli. Bibi Lanh alikuwa barazani kwake, anachambua karanga. Ana miaka karibu sabini na mikono ya mtu anayeweza kumbeba ndama.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba, nesi. Umekuja kunichoma sindano?"

"Nimekuja kuomba majani mawili. Wifi maziwa hayatoki."

"Majani?" Aliacha karanga. "Mimi hapa sina majani. Nina taka."

Niligeuka kutazama kwetu. Upande wa pili wa wavu niliona viatu vya plastiki vya Mama chini ya uzio. Bibi Lanh naye aliviona.

"Mwambie mama yako," alisema kwa sauti ya kufika ng'ambo, "maziwa hayaombwi kwa kutuma mtoto. Bibi wa mtoto anaomba kwa kinywa chake."

"Mwambie," uzio ukajibu, "kwamba bibi wa mtoto yuko hapa amesimama kwenye mvua."

"Muulize kama anaomba majani au anaomba taka."

Mvua ilipiga kwenye mwavuli wangu. Nilitamani ardhi inimeze, mimi na mwavuli.

"Mwambie," Mama akasema, na sauti yake ilikuwa imeshuka, "naomba majani. Mwambie mkwe wangu hana mama. Mwambie nimefanya ninayoyajua na mtoto ana midomo mikavu."

Bibi Lanh alisimama, karanga zikamwagika kutoka kwenye nguo yake. "Sasa maneno kama hayo unampitishia mtoto wa watu wa nini? Si ungeniita mwenyewe?" Alikuwa tayari ameshika mti, anachagua. "Moja hili. Hili lina tundu, hapana. Hili. Mimi Dada yako Lanh nipo, na wewe unamtuma mtoto na mwavuli!"

Alikuja nayo mwenyewe, bila kuvaa kofia. Akajitikisa maji mlangoni, akasikiliza Mama akimweleza habari ya zamu tisa. Wakati Mama anaeleza, Bibi Lanh alinitazama mimi. Macho yake yalikuwa madogo na yanaona kila kitu.

"Kila jani na zamu yake," alirudia taratibu. "Na maji ya sukari yanaharibu."

"Ndivyo alivyosema Thoa," Mama akasema.

"Eeh." Bibi Lanh akaitikia kwa kichwa. "Ndivyo. Mimi wanangu wanane, wote kwa zamu."

Nikatazama sakafu.

Jani la kwanza lilipashwa. Mama alilipitisha, safari hii bila haraka, na Duyen akamweka mtoto titini. Bibi Lanh alimtazama kwa sekunde tatu tu.

"Hapana, hapana, mwanangu. Huyo anavuta chuchu kama mzee anavuta sigara. Mtoe. Tia kidole pembeni ya mdomo, asikuumize. Sasa mlaze tumbo lake kwenye tumbo lako. Hapa panataka kitu cha kuegemeza mkono."

Nilimpa ule mto wa kwenye orodha yangu.

"Nani kanunua hiki? Kizuri. Ngoja afungue mdomo. Ngoja. Usimpelekee titi, mlete yeye. Apanue kama anapiga mwayo… sasa!"

Mtoto alishika. Kidevu kilizama, shavu likajaa, pua ya Khiem ikabaki nje, inapumua kwa kelele. Tulisikia sauti ambayo hatukuwa tumeisikia siku tatu: kumeza. Kidogo, kisha kimya, kisha tena kidogo.

"Pua pana ina faida yake," Bibi Lanh akasema. "Haizibiki."

Mama alizichukua zamu kama anavyochukua kila kitu, kwa nguvu zote. Aliandika saa kwa chaki mlangoni. Shangazi alipokuja na kwato nyingine akataka kumbeba mtoto, Mama alimwambia, "Jani la sita bado dakika kumi, kaa mbali." Khiem alipewa kazi ya makaa na ya kujaza chupa ya maji. Maji ya sukari yalimwagwa kwenye mizizi ya mpapai.

Siku ya tano asubuhi nilikuwa navaa sare ya kazi niliposikia Duyen ananiita. Nilikimbia nikiwa nimefunga kifungo kimoja tu. Alikuwa amekaa kitandani, nguo yake imelowa mbele, duara mbili kubwa, na alikuwa anaangalia duara hizo kama mtu aliyeletewa barua.

"Wifi," alisema. "Yanamwagika yenyewe."

Mtoto alikuwa ameachia titi, amelala, maziwa yanamtiririka kidevuni. Nepi zilizolowa zilikuwa sita tangu jana saa kama hiyo. Nilizihesabu mara mbili kwa furaha. Hata pampu ilipata kazi, maana titi la kushoto lilijaa mpaka likawa gumu, na Mama ndiye aliyekwenda kuitoa kwenye mfuko, akasema, "Haya, hii hapa ile ya baiskeli."

Kopo la maziwa ya unga lilikaa nyuma ya sufuria mpaka Khiem akalirudisha dukani halijafunguliwa. Mtoto akapewa jina zuri la kuandikwa kwenye karatasi, lakini nyumbani tunamwita Mit, yaani Fenesi.

Wavu ulitolewa bila mtu kutangaza. Siku moja tu haukuwepo, na majani yakaanza kuanguka kwetu kama zamani. Mwezi mmoja baada ya mtoto kuzaliwa, asubuhi ya sherehe yake ya kutimiza mwezi, nilimkuta Mama uani na kitambaa kikavu na lile kopo la biskuti. Alikuwa anaokota na kupangusa. Nilichuchumaa kumsaidia.

"Kaka yako," alisema bila kuinua kichwa, "nilipitishiwa kwa ajili yake majani saba, yote pamoja, kabla maji ya chai hayajachemka. Wewe tisa, vivyo hivyo. Sikumbuki zamu yoyote."

Jani liliniponyoka mkononi. "Mama, mimi…"

"Na huyo Dada Lanh wanane kwa zamu! Angepata wapi muda?" Alipuliza vumbi kwenye jani. "Safari nyingine sema tu moja kwa moja, Thoa. Nitabisha. Halafu nitafanya."

"Ndiyo, Mama."

"Sema kwa sauti."

"Ndiyo, Mama!"

Upande wa pili wa uzio Bibi Lanh akasema, "Nani anapigwa huko?" na Mama akamjibu achunge karanga zake. Ndani Mit alianza kulia, akanyamaza katikati ya kilio, na nilijua amewekwa titini.

Nilihesabu majani yaliyokuwa kwenye kopo. "Mama, haya ni kumi na sita."

"Saba na tisa," alisema, akibana kifuniko kwa viganja viwili. "Sasa daktari aseme kafanana na baba, kafanana na mama, kafanana na jirani. Mimi niko tayari."

Kisha akanitazama tumboni, mimi nisiye hata na mchumba, akaenda zake kuliweka kopo juu ya kabati.